Zamu ya Mchanga

Watu wa Same mjini wakiambiwa kwamba kambi yetu ya mkonge ilikuwa na bwawa la kuogelea, hucheka. Acha wacheke. Bwawa lilikuwepo, na mimi nimelinywa miaka mingi kuliko Mgiriki mwenye shamba alivyoliogelea. Aliyetunywesha ni Hezroni, Mpare wa Mamba, mtu mrefu, mkavu, asiyejua kusema neno tamu hata kwa kubembelezwa.

Siku hizi wanaomsema vibaya wanazidisha, na wanaomsema vizuri wanadanganya. Mimi Kuluthumu nitamsema alivyokuwa. Mwanangu Mbaraka aliingia kaburini kwa ajili ya maji yale, kwa hiyo sina sababu ya kumpamba Hezroni, wala sina tena nguvu ya kumtukana.

Kwao Mamba, ukoo wake ndio uliokuwa wenye ndiva. Ndiva ni bwawa la mawe na udongo wa mfinyanzi ambalo Wapare hulijenga mlimani. Maji ya kijito hulala humo usiku, asubuhi hufunguliwa, yakashuka kwa mfereji mpaka kwenye mahindi ya mwenye zamu. Siku yako ni yako. Ukifungua siku ya mwenzio umeiba, na wizi huo kwao ni mbaya kuliko wa mbuzi, maana mbuzi hurudishwa. Hezroni alikulia hapo. Alifundishwa kuheshimu maji kabla ya kufundishwa kuheshimu watu, na hilo la pili nadhani walilikatisha njiani.

Alishuka tambarare kutafuta kazi, akaajiriwa kufyeka bustani ya yule Mgiriki. Baadaye akakabidhiwa chujio la bwawa. Lilikuwa pipa la chuma lililosimama nyuma ya ua, refu kumpita yeye, na ndani yake mlijaa mchanga. Pampu iliyavuta maji bwawani, ikayamwaga juu ya mchanga, yakashuka polepole, yakatokea chini yakiwa meupe. Uchafu wote ulibaki juu ya mchanga. Hapo hapahitaji elimu kubwa, hata kibibi anayechuja pombe anaelewa.

Penye kazi ni baadaye. Mchanga nao huchoka. Uchafu ukijaa, maji hukosa njia, na mshale wa geji iliyo ubavuni mwa pipa hupanda hadi penye rangi nyekundu. Basi inabidi kugeuza koki, maji yapande kutoka chini, yauinue mchanga na kuusukasuka, na uchafu utoke kwa bomba la taka kwenda kumwagika mashambani. Unayaacha yamwagike hadi kioo kidogo cha kwenye bomba kionyeshe maji meupe. Maji mengi yanapotea. Siku ya kwanza Mgiriki alipomwamuru afanye hivyo, Hezroni aligeuza koki, akaona maji yanakwenda bure kwenye mkonge, akaifunga. Mgiriki akaifungua. Hezroni akaifunga tena. Mwenyewe alinisimulia kwamba alijisikia kama anayeiba kwa baba yake.

Mgiriki akamwambia asipouosha mchanga, utamrudishia uchafu wote uliouficha, tena kwa mkupuo. Hilo likamwingia. Toka hapo akawa mtumwa wa lile pipa. Aliliwekea sikio, akaligonga kwa kidole, na mke wake Esta alikuwa akisema kwamba yeye mwenyewe hajawahi kusikilizwa namna hiyo tangu waoane.

Lilipokuja Azimio, mashamba yakawa mali ya umma, Mgiriki akaenda zake, na bwawa likabaki na vyura. Sisi kambini tulikunywa maji ya mfereji ulioshuka kutoka milimani, uliopitia kwenye mashamba, kwenye ng'ombe na kwenye nguo za watu. Kila mwaka kiangazi kilichukua watoto. Esta alizika wawili. Wa pili alikuwa ameshaanza kusimama dede akishika ukuta, na ukuta huo ndio uliotenganisha chumba chao na changu, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

Baada ya maziko hayo Hezroni alikwenda kwa meneja mpya, hata viatu hakuvaa. Akamwambia, "Ndugu Meneja, nipe dizeli na shabu ya kutuliza tope. Maji ya mfereji yaingie bwawani yatulie, mimi nitayachuja, yaende kwenye bomba la kambi. Mimi sizai tena kwa ajili ya mfereji." Meneja hakuwa mtu mbaya. Akampa.

Ndipo tukaonja maji. Mimi niliyetoka Kigoma, nilikozaliwa kando ya ziwa, nilikuwa nimesahau kwamba unaweza kuona sehemu ya chini ya kikombe. Masika yaliyofuata tulijifungua wote wawili, mimi Mbaraka, Esta Dorkas. Esta akashikwa na homa ya uzazi, ziwa likakauka, nikamnyonyesha Dorkas pamoja na wangu, huyu huku na huyu huku. Kwa dini yangu hao ni ndugu. Esta ni Mlutheri, lakini kwa hilo hakubisha.

Watoto wale walikua bila kuumwa tumbo hata siku moja. Hezroni alikuwa akimtazama Dorkas anavyokunywa maji kama mtu anayehesabu. Aliniambia, "Mama Mbaraka, huyu hatakunywa uchafu. Mungu anisikie. Nikishindwa hili, mimi si kitu." Na alivyokuwa msumbufu kwa ajili hiyo! Ukija bombani na ndoo chafu alikurudisha mbele ya watu. Wanawake tulimwita Bibi Afya.

Ikaja sabini na nne, mwaka wa vijiji. Malori yalishusha watu kutoka mabondeni na kutoka miteremko ya milima, wakapangwa kwenye kijiji kipya ubavuni mwa kambi yetu. Kati yao alikuwemo Mzee Eliamini, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Hezroni, mshika ndiva wa Mamba. Mzee wa watu alishushwa na kigoda chake na kuku wawili, akatazama mkonge uliotapakaa hadi upeo wa macho, akauliza, "Hapa watu wanakula nini?"

Mwaka ule mvua ya vuli haikuja, na masika yalipita juu kwa juu. Mfereji ukawa uzi. Watu wameongezeka, maji yamepungua, na foleni ya bombani ikawa ya ngumi. Sitamnyima Mzee Eliamini haki yake. Ni yeye aliyeleta amani. Aliwakalisha watu wa kambi na wa kijiji, akagawa maji kwa zamu kama ya ndiva, nyumba kwa nyumba, na hakumpendelea hata mkwewe. Mwenyekiti wa kijiji akafurahi, akamwachia kila jambo la maji. Hata mimi, Mha wa Kigoma, nilimwona ametumwa na Mungu.

Basi asubuhi moja, watu wamepanga foleni na midomo imekauka, geji ikafika penye nyekundu. Hezroni akafanya kama alivyofanya siku zote. Akageuza koki. Maji yakaanza kutoka kwenye bomba la taka, kwanza meusi, kisha ya rangi ya chai, yakaingia mashambani yakanywewa na vumbi. Mwanamke mmoja akapiga yowe kana kwamba ameona nyoka. Watu wakakimbia kuona. Mzee Eliamini akaja na fimbo yake, akasimama kando ya bomba hadi maji yalipokoma.

Baraza likakaa siku ile ile, chini ya paa la stoo ya katani. Hezroni aliitwa katikati.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Hezroni, mwana wa ndugu yangu, maji umeyamwaga?"

"Nimeyamwaga."

"Leo zamu ilikuwa ya nani?"

Hezroni akakuna kichwa. Alikuwa anatafuta jibu la kweli, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake maisha yote. "Haikuwa ya mtu, baba mkubwa. Ilikuwa zamu ya mchanga."

Watu wakacheka hadi wengine wakashika mbavu. Mchanga una zamu! Kesho mawe nayo yatapanga foleni! Mzee hakucheka. Alikuwa amehuzunika, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Umezaliwa kwenye ndiva," akasema. "Baba yako alikufa akiwa hajamwaga kibuyu kimoja cha maji ya watu. Wewe unamwaga mbele ya watoto wenye kiu, halafu unanitania."

"Sitanii. Mchanga usipooshwa, uchafu utapita. Watoto watakufa."

"Maji unayaosha kwa maji?"

"Ndiyo, baba mkubwa. Ndivyo ilivyo."

"Nimeishika ndiva tangu sijaota ndevu. Maji husafishwa kwa kutulia. Sijaona maji yanayosafishwa kwa kutupwa."

Kijana mmoja wa kijijini akapaza sauti kwamba hiyo ni hujuma, kwamba Hezroni ni kibaraka wa yule Mgiriki. Neno hilo mwaka ule lilikuwa zito, mtu angeweza kulala ndani. Mzee akalikata. "Si hujuma. Ni mtoto wetu amepotea." Akaamua kwa sheria ya mlimani. Hezroni atoe mbuzi, na mpini wa koki ya kuoshea ung'olewe, ukae kwa mshika maji, kama kule ndivani ambako kizibo hushikwa na mkuu wa ukoo. Meneja alikuwa safarini Tanga. Msaidizi wake akasema wananchi wameshaamua, yeye ni nani.

Wakaung'oa mpini. Mzee akaufunga kwenye kaniki, akauweka chini ya kitanda chake. Naapa alifanya hivyo kwa moyo safi. Hata leo nikimfikiria namwona anavyoushika kwa mikono miwili kama kitu cha ibada.

Mshale wa geji ukapanda tena, ukafika penye nyekundu, ukakaa hapo hapo. Maji bombani yakawa dhaifu. Watu wakasema Hezroni ameyabana kwa hasira. Kisha, kwa kuwa pampu iliendelea kusukuma, maji yakajipasulia vijia ndani ya mchanga, yakaanza kutoka na ukungu, halafu na harufu. Hezroni akapita mlango kwa mlango akiwaambia watu wachemshe. Wachemshe kwa moto gani? Kuni zilikuwa hadithi. Tulichoma maboriti makavu ya mkonge, yanayowaka upesi na kuzimika kabla sufuria haijapata joto. Esta alichemsha ya Dorkas tu, na mimi nilichemsha ya Mbaraka nilipoweza, na niliposhindwa nilimnyima, akalia kwa kiu hadi akalala. Mama unayesoma haya unajua kilio hicho kinavyokukata.

Wagonjwa wakaanza. Kwanza mtoto wa kijijini, halafu wawili wa kambini, wote wadogo. Hezroni akaenda kwa baba yake mkubwa. Esta alimsindikiza, ndiye aliyenisimulia. Mtu yule asiyejua kubembeleza alipiga magoti mlangoni.

"Baba mkubwa, nipe mpini. Nitalipa mbuzi wawili. Niuoshe mchanga mara moja tu, halafu uniadhibu unavyotaka."

"Watoto wanaumwa kwa sababu maji ni machache," Mzee akasema, na macho yake yalikuwa mekundu, maana na yeye alikuwa na mjukuu kitandani. "Na wewe unataka kuyapunguza. Inuka, mwanangu. Usinifanye nikatae mara mbili."

Hezroni akainuka.

Siku iliyofuata, jua likiwa utosini, watu wengi tukiwa kazini, mimi kwenye nyaya za kuanikia katani, Hezroni alichukua spana kubwa ya mabomba kutoka karakana, akaikaza kwenye shina la koki palipong'olewa mpini. Haikuwa kazi ya spana. Mpini ulikuwa mfupi na mwepesi, ulikaa pale ulipouacha. Spana ilikuwa chuma kirefu kizito, na injini ikitetemeka ilikuwa inavutwa chini kwa uzito wake, ikizidi kuifungua koki. Na koki ikifunguka mno, maji hupanda kwa nguvu na kuubeba mchanga wenyewe. Kwa hiyo ilimbidi aning'inie pembeni mwa pipa, bega limeikingia spana, jicho kwenye kioo, akingoja maji yawe meupe.

Uchafu wa siku zote zile ukatoka. Waliokuwepo wanasema yalikuwa meusi, mazito, yananuka. Lakini yalikuwa maji, tena mengi, yanatoka kwa kishindo, na watu hawakuwa wameona maji yanayotoka kwa kishindo tangu mwaka jana. Hakuna aliyekumbuka kumpiga Hezroni. Walikimbilia bomba la taka na ndoo, na sufuria, na vibuyu. Watoto waliingia chini yake wakaoga, wakachezacheza, wakakinga viganja wakanywa.

"Hayo si maji!" Hezroni alipiga kelele kutoka juu. "Msinywe! Hayo ni mavi!" Injini ilikuwa ikinguruma, hakuna aliyesikia. Wengine walimpungia mkono wakicheka. Walidhani amekubali, amewapa.

Hapo ndipo alipomwona Dorkas. Esta alikuwa amesinzia, mtoto amemtoroka. Alikuwa amesimama kwenye tope, na mkononi ana kikombe cha bati, anakinga.

Kioo kilikuwa bado kina rangi ya chai. Angevumilia kidogo tu, mchanga ungetakata, na kambi nzima ingekunywa maji safi jioni ile. Aliniambia kwamba aliyajua hayo yote. Akaiachia spana. Aliruka chini, akapita katikati ya watu akiwasukuma, akamnyakua mtoto, akamtia vidole kooni akamtapisha pale pale, akambeba akakimbia naye hadi barabarani. Trekta la shamba likamfikisha zahanati. Nyuma yake spana ikashuka kwa uzito wake, koki ikafunguka yote, na mchanga ukatoka. Mchanga uliochaguliwa, uliochekechwa, wa kutoka sijui wapi, ukamwagika kwenye mkonge hadi pipa likabaki tupu. Hakuna aliyejua kuzima injini.

Dorkas aliumwa, akapona.

Mimi nilirudi jioni nikamkuta Mbaraka amelala sakafuni, nguo zake zimelowa tope na tumbo la kuhara limeshaanza. Nikafurahi kwanza kuona amepata maji ya kuchezea. Alifariki kabla ya Ijumaa. Mjukuu wa Mzee Eliamini naye alifariki, na wengine wa kambini na wa kijijini ambao majina yao nayajua lakini leo siyataji, wana mama zao.

Mzee alikuja na mpini ndani ya kaniki, akauweka juu ya pipa tupu, akakaa chini kwenye tope. Hatukumgusa. Hezroni naye walimpiga kidogo, kisha wakachoka. Halafu, kwa kuwa kiu haingojei msiba uishe, Mzee yule yule akaita msaragambo, ile kazi ya pamoja ya Wapare ambayo hapana anayebaki nyumbani. Tulikwenda korongoni kuchekecha mchanga, tukauosha kwa maji kidogo tuliyokuwa nayo, tukaujaza pipani karai kwa karai. Haukuwa mzuri kama ule wa kwanza. Hezroni aliusimamia, hakutukemea hata mara moja, na hapo nikajua kuna kitu kimevunjika. Toka siku hiyo aliosha mchanga alipotaka. Mzee alisimama kwenye bomba la taka na fimbo, kuzuia watu, hadi alipokufa.

Hezroni alifanya kazi ile miaka mingine, akazeeka, akarudi kwao Mamba, akazikwa huko. Dorkas ameolewa Hedaru. Hunijia sikukuu, ananiita mama, nami namwitikia.

Lakini kuna siku moja baada ya arobaini ya Mbaraka, Hezroni alikuja mlangoni kwangu mchana. Nilimkaribisha, hakuketi. Alisimama kwenye kizingiti akitazama chini.

"Mama Mbaraka," akasema, "pale kwenye bomba walikuwa wawili. Kikombe kilikuwa kimoja. Dorkas anakinga, Mbaraka anakunywa."

Nikaegemea ukuta.

"Nilimwona. Alikuwa pale pale ubavuni pake." Akainua mikono yake akaitazama, kisha akanionyesha. "Nilikuwa na mikono miwili."

Ng'ambo ya ukuta Dorkas alikuwa anaimba wimbo wa shule ya Jumapili, anaukosea. Nilitaka kumpiga huyu mtu na kitu kizito. Nilitaka pia alie ili nami nipate kulia. Hakulia. Nikamwambia, "Nenda kazini, Baba Dorkas." Akaenda.

Sikumsamehe. Watu husema nilimsamehe, kwa sababu kesho yake walinikuta kwenye foleni ya bomba lake na ndoo yangu, na kesho yake tena, mpaka tulipohama. Nilikuwa na kiu.